Krismasi Nyumbani Nairobi Bila Kuchoka: Mwongozo wa Anayeandaa kwa Mara ya Kwanza

Kila Novemba maswali hunifikia, na ni yale yale. Nipike nini? Nianze kununua lini? Nimwambieje mama kwamba mwaka huu hatuendi mashambani? Wageni wakizidi niliowaalika nifanyeje? Wengi wanaouliza wameoana juzi, au wameishi Nairobi miaka mingi lakini Krismasi zote wamezila kwa wazazi, na sasa kwa mara ya kwanza sufuria ni zao. Nimeamua kuwajibu wote mahali pamoja.

Neno moja kwanza, maana hatua zote zinatoka hapo. Katika miaka niliyoandaa Krismasi mjini, nimeona kwamba mwenye nyumba huchoshwa zaidi na mambo ambayo hayakusemwa kuliko na kazi ya jikoni. Mama mkwe alidhani mtafika kwake. Shemeji alidhani anaweza kuja na rafiki zake. Mume alidhani pesa za nyama ziko kwa mkewe, naye mke alidhani ziko kwa mume. Kila mmoja ana Krismasi yake kichwani, na zote hukutana mlangoni kwako saa saba mchana. Ndiyo sababu hatua tatu za kwanza ni za kuzungumza na kuhesabu. Moto tutauwasha baadaye.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi moja kubwa, ibandikwe ukutani jikoni. Orodha iliyo ndani ya simu yako haijui mtu ila wewe peke yako. Iliyo ukutani kila mtu nyumbani anaweza kuisoma na kusaidia.
- Saa moja ya kukaa na mwenzako televisheni ikiwa imezimwa. Kama unaishi na ndugu, kaa nao. Kama uko peke yako, kaa na kalamu.
- Sufuria moja ya kutosha pilau ya watu wote. Azima kwa jirani mapema. Ukiona lazima ununue, mafundi wa Kamukunji watakuuzia imara kwa bei ya kuelewana.
- Hotpoti mbili, kibao na kifimbo cha kusukumia chapati.
- Gesi ya kutosha. Mwenye meko ya kilo 6 pekee awe na njia ya pili ya kupikia.
- Mitungi ya maji ya lita 20, angalau minne, ikiwa mtaa wenu una mgao wa maji. Na mitaa mingi ya Nairobi inao.
- Kiondo au mfuko wa kitambaa wa sokoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017.

Hakuna kingine. Sahani zinazofanana hazihitajiki, wala viti vya kukodi kama watu hawazidi 15. Mkeka na matakia ya kochi yanatosha watoto wote.

Hatua ya 1: Kateni maneno matatu (kabla ya tarehe 1 Desemba)

Kaeni chini mjibu maswali haya matatu na kuandika majibu kwenye ile karatasi.

Tutakuwa wapi? Nairobi, mashambani, au siku moja huku na nyingine kule? Jibu la "tutaona" ndilo linaloleta ugomvi tarehe 22, nauli zikiwa zimeshapanda na magari ya Machakos Country Bus yakiwa yamejaa tangu alfajiri. Kama mnasafiri, kateni tiketi sasa, iwe ya basi au ya treni ya Madaraka Express kwa wanaoelekea Pwani. Mwongozo uliobaki ni wa wanaokaa.

Nani anakuja? Andika majina. Usiandike "watu wa kina Otieno". Andika mtu mmoja mmoja, na watoto wao. Ukimaliza hesabu, ongeza wawili. Hao wawili watakuja, ingawa bado huwajui.

Saa ngapi, na mpaka saa ngapi? Watu wengi husahau nusu ya pili ya swali. Mgeni aliyeambiwa "chakula saa saba, jioni tunaenda kanisani" anajua namna ya kupanga siku yake na matatu yake ya kurudi. Usiposema, atakaa kwa heshima akisubiri umruhusu aondoke, nawe utakaa kwa heshima ukisubiri aage.

Hatua ya 2: Waambie watu wote (tarehe 1 hadi 7)

Wazazi wapigie simu. Usiwatumie ujumbe, na usimtume mdogo wako amwambie mama. Mimi mwaka wa kwanza nilituma ujumbe, na mama alinyamaza siku tatu. Baadaye aliniambia kukaa kwetu mjini hakukumuuma. Kilichomuuma ni kusomewa na jirani kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika. Sasa napiga, tena jioni wakati amemaliza kukamua, na nasema hivi:

"Mama, habari ya huko? Mmeamkaje? Nimekupigia nikwambie mapema usije ukanunua vitu vya watu wengi. Mwaka huu sikukuu tutakaa huku Nairobi, karo ya Januari imetubana. Tutakuja likizo ya Aprili tukae nawe wiki nzima. Pesa ya nyama nitakutumia tarehe 20. Na asubuhi ya Krismasi watoto watakupigia kabla hujaenda kanisani."

Angalia kilichomo: sababu moja ya kweli, siku kamili ya kuonana, na kitu cha kutarajia siku yenyewe. Sababu zikizidi moja zinaanza kufanana na visingizio. Na usiahidi Aprili kama huna hakika ya Aprili.

Ndugu na marafiki unaweza kuwaandikia. Hapa ndipo pa kugawa kazi:

"Karibuni kwetu tarehe 25. Chakula ni saa saba kamili. Tutakuwa watu 12. Wifi, naomba ulete matunda. Kaka, soda ni zako. Mama Achieng' atakuja na kachumbari. Sisi tuna pilau, kuku na chapati. Saa kumi na moja tunafunga, watoto wapumzike."

Onyo: "leteni chochote" haileti chochote, au inaleta mikate mitano. Taja kitu na mtu. Mkenya akipewa kitu chake cha kuleta hufurahi, maana haji mikono mitupu, na ni wachache sana watakaokukatalia.

Dada wa kazi naye mwambie sasa atakwenda lini na kurudi lini, kisha mlipe mshahara wake na nauli kabla ya msongamano. Ana mama anayemngoja pia. Kumzuia mpaka mkesha ili akusukumie chapati, kisha kumwachia kituo cha basi chenye nauli mara mbili, ni kumtwika mzigo wa sikukuu yako.

Hatua ya 3: Hesabu siku hadi mshahara wa Januari

Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema ili watu wapate ya sikukuu. Huonekana kama zawadi, lakini chukua kalenda uhesabu. Ukilipwa tarehe 20 Desemba na mshahara unaofuata ukaingia tarehe 31 Januari, hizo ni siku 42. Wiki sita kamili kwa mshahara wa mwezi mmoja, na ndani yake kuna kodi ya Januari, karo, sare, viatu vya shule na nauli ya kwenda kazini. Njaanuari huzaliwa Desemba.

Kwa hiyo fanya hivi, kwa utaratibu huu na si mwingine:

1. Siku pesa inapoingia, lipa kodi ya Januari, au iweke kando kabisa.
2. Toa karo na vitu vya shule. Sare ukizinunua mapema Desemba utakuta saizi zote bado zipo.
3. Zidisha matumizi yako ya chakula na nauli ya wiki moja kwa sita. Kiasi hicho kifungie mahali ambapo mkono haufiki upesi: sako, akaunti ya kufunga ya M-Shwari, au kwa mtu unayemwamini.
4. Kilichobaki ndicho cha Krismasi. Hata kama ni kidogo, hicho ndicho.

Kilichobaki kikitosha kuku mmoja, Krismasi yenu ni ya kuku mmoja, na ni Krismasi. Usichukue mkopo wa simu kwa ajili ya nyama. Nyama huisha jioni ile ile, na mkopo unakuamsha Januari.

Kwa mwaka ujao, tafuta chama cha nyama mtaani kwenu au kianzisheni. Majirani 10 wanaweka kidogo kidogo kuanzia Januari, Desemba wanachinja ng'ombe na kugawana kilo. Nyama inatoka nafuu kuliko ya bucha wiki ya sikukuu, na uliishailipia bila kuhisi.

Hatua ya 4: Punguza chakula uchague

Kosa kubwa la anayeanza ni kupika pilau, wali mweupe, chapati, mukimo, kuku, mbuzi wa kuchoma, maharagwe, kabeji na keki. Mtu mmoja na majiko mawili hawawezi hayo. Chagua hivi: chakula kikuu kimoja kinachopikwa siku yenyewe, kimoja kinachopikwa jana yake, mchuzi mmoja wa nyama, kitu kibichi, na matunda.

Kwa watu 12 wakiwemo watoto, mimi hutumia:

- Mchele wa pishori kilo 1½ na nyama ya ng'ombe kilo 1½, vya pilau. Mchele wa Mwea ukiupata wa kweli, harufu yake itawaita majirani.
- Kuku wa kienyeji wawili wa wastani, au mmoja mkubwa.
- Unga wa ngano pakiti moja ya kilo 2. Kwangu hutoa chapati 22 hivi.
- Nyanya 12, vitunguu vikubwa 14, dania, pilipili, limau tatu, saumu na tangawizi. Viazi vinane.
- Binzari nyembamba nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga.
- Maembe, ambayo Desemba yapo tele, na tikiti moja.

Wasioweza kutafuna nyama nao huhesabiwa: kama mna mzee asiye na meno au mtoto mdogo, chemsha viazi kando kwa ajili yake.

Hatua ya 5: Nunua kwa awamu tatu

*Wiki ya kwanza ya Desemba:* unga, mchele, mafuta, sukari, majani ya chai, viungo. Haviozi.

*Kufikia tarehe 20:* jaza gesi. Nunua tokeni za stima za kutosha mpaka mwaka mpya. Nguo za watoto zinunueni kabla ya tarehe 15, siku ya katikati ya wiki, asubuhi, iwe ni Gikomba, Toi au Eastleigh. Baada ya hapo utasukumwa zaidi ya utakavyochagua. Nywele vilevile: wasusi wa Kenyatta Market wiki ya mwisho huwa na foleni ya kutwa, na mtoto wa miaka sita hawezi kukaa foleni ya kutwa.

*Tarehe 23:* mboga, matunda na nyama. Marikiti kuna bei ya jumla, na uende alfajiri pamoja na jirani mgawane gunia au kreti. Nyama watu wengi hufuata soko la Burma kando ya Jogoo Road. Lakini kama bucha wako wa mtaani unamjua naye anakujua, mwambie mapema akuwekee, na ubaki hapo. Saa tatu za jamu kwa ajili ya kuokoa shilingi mia mbili si akiba. Asiye na friji aichukue nyama yake asubuhi ya tarehe 25.

Hatua ya 6: Zawadi na mapambo

Kwa ufupi. Mtoto mmoja, zawadi moja, na iwe kitu atakachotumia Februari. Watu wazima wapatane kutopeana. Wengi wanangoja tu mmoja aseme. Mapambo: tawi la msaiprasi linalouzwa kando ya barabara, baluni, na karatasi za rangi ambazo watoto wamezikata wenyewe. Waachie kazi hiyo siku nzima. Watatulia, nawe utapata nafasi.

Onyo: mshumaa na tawi kavu au karatasi za rangi visikae karibu. Nyumba zetu zimebanana, na moto wa chumba kimoja ni moto wa ploti nzima.

Hatua ya 7: Tarehe 24 jioni, chapati na kuku

Tarehe 24 si siku ya mapumziko rasmi, kwa hiyo wengi mtakuwa mmetoka kazini. Anza saa kumi na mbili na umalize kabla ya mkesha.

1. Chemsha kuku wa kienyeji kwanza, maana anataka muda: saa moja na nusu, wakati mwingine mbili, mpaka nyama iachane na mfupa ukiivuta. Akiwa motoni, wewe uko kwenye unga.
2. Mimina unga kwenye beseni ubakishe vikombe viwili vya kusukumia. Tia kijiko kimoja kikubwa cha chumvi na vijiko vitatu vya mafuta, kisha maji vuguvugu kidogo kidogo.
3. Kanda dakika 15 kwa nguvu. Donge liwe laini kama ncha ya sikio. Likiwa gumu mkononi litakuwa gumu mdomoni.
4. Paka mafuta juu, funika kwa kitambaa, acha dakika 30. Usiruke hapa hata kama mmechelewa. Unga usiopumzika hujikunja kila ukiusukuma.
5. Kata madonge 22. Sukuma kila moja, paka mafuta, viringisha kama kamba, kisha ikunje kama konokono. Hapo ndipo tabaka zinapotoka. Zipumzike tena dakika 10.
6. Sukuma mara ya mwisho na uchome kwenye kikaango kilichopata moto vizuri. Chapati ikikaa sana kwenye moto mdogo hukauka.
7. Zikitoka, zipange moja juu ya nyingine ndani ya kitambaa safi, kisha kwenye hotpoti. Kesho zitapashwa kwenye kikaango kikavu, sekunde chache kila upande.

Watu wawili wakifanya kazi hii, mmoja anasukuma na mwingine anachoma, inaisha kwa saa moja na nusu. Mume, kaka, kijana wa miaka 14: yeyote mwenye mikono. Nimekaa nyumba ambayo wanawake wanne walichomwa na mvuke huku wanaume sita wakiuliza chai iko wapi, na sitaki kuiona tena.

Kuku akipoa, mweke kwenye friji na supu yake. Asikae mezani zaidi ya saa mbili. Kama hakuna friji, mpike tarehe 25 asubuhi.

Onyo kubwa: usiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, na usiliingize ndani usiku kupata joto. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na huua watu wakiwa wamelala. Jiko libaki nje au kwenye baraza iliyo wazi. Gesi nayo, ukiunganisha mtungi mpya, paka povu la sabuni kwenye kiungo; ukiona mapovu yanafura, funga na usiwashe.

Hatua ya 8: Tarehe 25, kwa saa

- Saa moja: chai na mandazi ya kununua. Watoto wampigie nyanya yao. Tunza ahadi hiyo kabla ya kitu kingine chochote.
- Saa mbili: loweka mchele, menya viazi, katakata vitunguu vya pilau. Kisha kanisani, kwa wanaokwenda.
- Saa tano: kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawia iliyokolea, bila kuungua. Rangi ya pilau hutoka hapa, si kwenye nyanya. Tia saumu, tangawizi, nyama na viungo, kisha maji nyama iive.
- Saa sita: viazi, halafu mchele. Mchele uliolowekwa unataka supu pungufu kidogo ya vikombe viwili kwa kila kikombe. Maji yakikauka, punguza moto kabisa, funika vizuri, usikoroge.
- Saa sita na nusu: unga kuku kwa kitunguu na nyanya. Kachumbari ikatwe sasa; ikikatwa asubuhi hujaa maji.
- Saa saba: kula.

Wakati wa kuosha vyombo, majina mawili yawe yameandikwa kwenye ile karatasi tangu mapema. Jina la mpishi lisiwemo.

Hatua ya 9: Tarehe 26, usipange kitu

Kuleni mabaki. Mkitaka kutoka, msitu wa Karura na bustani ya miti ya Arboretum zina kivuli na nafasi ya watoto kukimbia, na kiingilio si kikubwa. Bebeni chakula chenu. Wengi hawajui kwamba Karura ingekuwa mashamba ya majumba leo kama Wangari Maathai na wenzake wasingepigania msitu ule mwishoni mwa miaka ya 1990. Waelezeni watoto mkiwa chini ya miti yenyewe.

Mambo yakiharibika

*Chapati zimekauka.* Nyunyizia maji matone machache, zifunge kwenye kitambaa, uweke juu ya sufuria yenye mvuke dakika tano. Zikishindikana, zikate vipande uzitie kwenye mchuzi wa kuku. Watoto watazipenda zaidi.

*Pilau imeiva chini, juu ni mbichi.* Usiongeze maji mengi. Nyunyizia nusu kikombe cha maji moto juu, funika kwa kitambaa kibichi chini ya kifuniko, moto mdogo, dakika 10. Ikiwa imeshika chini, hamishia ya juu kwenye hotpoti bila kukwangua.

*Gesi imeisha katikati.* Ilinipata tarehe 25 saa tano, na maduka ya mtaa yalikuwa yamefungwa. Jirani alinipa jiko lake nusu saa, nikampelekea sahani. Ndiyo maana nasema uwe umemsalimu jirani kabla ya Desemba.

*Maji hayaji.* Ile mitungi minne: miwili ya kupikia na kunywa, mmoja wa vyombo, mmoja wa choo. Siku hiyo kila mtu atumie sahani moja tu.

*Wageni wamezidi.* Usitoke mbio dukani. Pakua wewe mwenyewe badala ya kuacha watu wajipakulie, watoto na wazee kwanza, na nyama igawe vipande vidogo. Chapati kata nusu. Ongeza kabeji, inaiva kwa dakika 10. Pilau ya watu 12 hushibisha 16 ikipakuliwa na mkono mmoja.

*Mgeni haondoki.* Ikifika saa uliyosema, simama na useme kwa upole: "Ngoja niwafungie cha kubeba, giza lisiwapate njiani." Kisha funga kweli.

*Watoto wamelinganisha zawadi zao na za jirani wakalia.* Wapokee kilio chao, usiwakaripie, usikimbilie kununua. Watoke nje wacheze nao hao majirani. Mara nyingi ndani ya nusu saa wote wanachezea kitu kimoja.

*Pesa imeisha kabla ya tarehe 25.* Waambie waliokualika au uliowaalika, leo, kwa simu. "Mwaka huu hatukuweza, njooni tunywe chai" ni sentensi fupi, na rafiki wa kweli atakuja na sukari.

*Mwaka huu mmezika.* Basi msijilazimishe baluni na muziki. Pikeni kile alichokipenda marehemu, mtajeni kwa jina mkiomba, na yeyote anayetaka kulia alie mezani bila kutolewa nje. Mwaka tuliompoteza baba hatukuwa na mti wala wageni. Tulipika samaki, kwa kuwa ndicho alichopenda, na mdogo wetu akasimulia jinsi baba alivyokuwa akitoa miba kwa ajili yetu mmoja mmoja.

*Chakula kimebaki.* Kigawanye mara tu watu wanapomaliza. Wali uliokaa nje mpaka usiku unaweza kuumiza tumbo hata ukipashwa. Cha kesho kiingie kwenye friji, cha wageni kwenye mikebe yao. Na kabla hujakaa chini, jaza sahani moja, ifunike, umpe mtoto ampelekee mlinzi wa lango ikiwa bado na joto.